Vifyonza majani vya kufunga kwenye bloa na nyuma ya mashine ya nyasi: waliotumia leteni uzoefu

Msafwa_Lowell (Lowell, Massachusetts)

Habari za jioni wakuu. Majani yameanza kudondoka huku New England, na kila ikifika Oktoba wenzangu wenye vibarua vya bustani wananiuliza swali lilelile: hivi vifaa vya kufyonza majani vinavyofungwa kwenye bloa (mashine ya kupuliza majani), au vinavyokokotwa nyuma ya mashine ya kukata nyasi, vina faida kweli? Nimeona tufungue uzi mmoja, kila aliyetumia aseme alichokiona, ili anayetaka kununua asome kabla hajatoa kadi yake.

Naanza mimi. Nina bloa ya umeme wa waya ambayo ukiigeuza inakuwa kifyonza. Ilikuja na mfuko wa kuning'iniza begani. Mfuko ule unajaa upesi, na vumbi linapenya kwenye kitambaa linakuja usoni. Ndipo nikanunua kile kiungo cha ziada kinachouzwa peke yake: bomba la kukunjakunja la futi 8 hivi. Upande mmoja unafungwa pale ulipokaa mfuko, upande wa pili una kifuniko cha kitambaa chenye lastiki, unakivisha kwenye mdomo wa pipa la taka. Majani yanapita kwenye pangaboi, yanasagwa, yanamwagika moja kwa moja ndani ya pipa.

Kwa majani makavu ya mti wa mepo (maple) nakisifu bila kusita. Begani hakuna mzigo, vumbi kubwa linabaki pipani, na pipa moja linameza majani ambayo yangejaza mifuko mingi ya karatasi. Tangazo linasema mifuko 10 inasagika kuwa mmoja. Hiyo hesabu ichukueni kama ya majani yaliyokauka mpaka yanavunjika mkononi. Yakiwa na umande tu, isahauni.

Kasoro nilizoziona: bomba ni fupi, kwa hiyo pipa lazima liwe na magurudumu maana utalihamisha kila mara. Lastiki inakaa vizuri kwenye pipa la duara la galoni 32, lakini kwenye pipa kubwa la galoni 96 lenye pembe inachomoka pembeni na vumbi linatoka hapo. Na majani yaliyosagwa ni mazito. Usijaze pipa mpaka juu ukategemea kulivuta peke yako kwenye mteremko.

Sasa nimepata kazi kwenye nyumba za viwanja vikubwa, mialoni mitupu. Bloa ya mkono haitoshi kabisa. Nawaza kununua kile cha kukokota chenye injini yake. Trekta yangu ya nyasi ina deki (lile kasha la chini lenye visu) ya inchi 42. Wenye nacho semeni.

Kamaa_Minnesota

Salamu mkuu. Mimi ni Mkenya niko pande za Minneapolis na nina kikosi kidogo cha kazi za nje, kiangazi nyasi, kipupwe theluji. Kile cha kukokota tunacho. Kimetusaidia sana, lakini niseme ukweli wote.

Kazi yake ni hivi: kuna adapta ya plastiki inafungwa kwenye mdomo wa deki pale nyasi zinapotokea. Bomba nene linatoka hapo hadi kwenye injini iliyokaa mbele ya trela. Injini inazungusha pangaboi la chuma, pangaboi linavuta majani, linayasaga mara ya pili (mara ya kwanza visu vya deki vimeshayapiga), linayatupa ndani ya kontena la turubai. Kontena likijaa unaenda kumwaga.

Uzuri: mahali ambapo vijana wawili wangeshinda na reki na turubai, mmoja anaendesha na kabla ya chakula cha mchana amemaliza. Nyasi zinabaki safi, mteja anapiga picha.

Ubaya: kugeuza. Ukiwa na trela nyuma na bomba ubavuni, kona karibu na ua au kati ya miti miwili unaumia kichwa. Bomba letu la kwanza lilikwaruzwa na uzio mpaka likatoboka, na tundu hata dogo linaua mvuto wote. Sasa kila asubuhi kijana anakagua bomba kabla ya kuwasha.

Pia jua bei. Hivi vinavyokokotwa na vyenye injini yao ni zaidi ya dola 1,500, na vikubwa vinapanda sana juu ya hapo. Kile chako cha bomba na lastiki ni chini ya dola 100. Huwezi kuvilinganisha, kila kimoja kina uwanja wake.

Mama_Tulia_OH

Asanteni kwa uzi huu. Mimi si mtu wa biashara, natumia nyumbani tu hapa Ohio. Nina cha betri, volti 40, betri ya ampea-saa 4. Kupuliza, betri inadumu vizuri. Kufyonza ni kingine: inabidi uiweke kasi ya juu muda wote, na robo saa ikipita inaomba chaja. Novemba baridi ikikaza inaisha mapema zaidi. Anayetaka cha betri ahesabu bei ya betri ya pili humohumo.

Kitu ambacho sikukiona kwenye maelezo ya dukani: kwenye vitanda vya maua, ambako watu huku wanatandaza vipande vya magome, kifyonza hakichagui. Kinakusanya majani, magome, na kokoto ndogo. Pangaboi la changu ni la plastiki na limeshang'oka jino kwa kokoto. Nilipiga simu kwa huduma kwa wateja wa kampuni, wakanijibu kwamba kokoto hazimo kwenye waranti. Sasa kwenye maua napuliza kwanza kwa kasi ndogo majani yatoke hadi kwenye nyasi, ndipo nafyonza nikiwa kwenye nyasi. Mdomo wa kifaa nauinua kidogo, siugandamizi chini.

Na dada zangu, kama ua wenu una ule mmea wa majani matatumatatu unaowasha, poison ivy, msiufyonze hata ukiwa umekauka. Mafuta yake yanabaki kwenye jani lililokufa, ukilisaga unajipulizia mwenyewe.

Msafwa_Lowell

Dada hilo la mwisho ni muhimu sana, shukrani. Huku Massachusetts mmea huo umejaa kwenye kuta za mawe za zamani.

Chande_NJ

Kwa heshima zote wakuu, kwa nini mnayakusanya? Weka visu vya kusaga, pita juu ya majani, yaache yaingie kwenye nyasi. Chuo Kikuu cha Michigan State kimefanya majaribio ya kusagia majani ya mepo kwenye nyasi na wakaona magugu ya dandelioni yanapungua. Huna mfuko, huna trela, huna pipa.

Na mahali pengine halmashauri inapita na lori lake la kufyonza. Hapa New Jersey miji mingi, na nasikia Ohio pia, unasukuma majani hadi ukingoni mwa barabara kwa ratiba yao, wanakuja na bomba kubwa wanayavuta. Ulizia mji wako kwanza. Utakuta unataka kulipa dola elfu kwa kazi ambayo kodi yako imeshailipia.

Kamaa_Minnesota

@Chande_NJ uko sawa kwa nyasi zenye miti michache. Sisi tunafanya hivyo kwa wateja kadhaa na nyasi zao zinapendeza. Lakini penye mialoni mikubwa majani yanakuja kwa tabaka. Ukisaga tabaka nene nyasi zinafunikwa, theluji inakuja juu yake, Aprili unakuta mabaka ya kahawia na ukungu. Halafu kuna mteja anayelipa ili asione hata jani moja. Huyo utamwambia nini?

Tunachofanya sasa: mapema Oktoba tunasaga na kuacha. Mialoni ikianza kumwaga kwa nguvu ndipo tunafunga kifyonza. Mwaloni ni mchelewaji, hapa kuna miti inashika majani mpaka theluji ya kwanza.

Dereva_DMV

Nyongeza fupi kwa walio karibu na mji mkuu. Washington DC imepiga marufuku bloa za petroli tangu Januari 2022. Wenye vifyonza vya mkono vya petroli msije navyo kwenye kazi za huku. Na California tangu 2024 imezuia uuzaji wa injini ndogo mpya za petroli za bustani. Kabla hujanunua cha petroli soma sheria ya mji unaofanyia kazi, maana unapoishi na unapofanyia kazi huenda si mji mmoja.

Msafwa_Lowell

Tumngoje @Fundi_Kabureta apite. Mzee shikamoo, tunahitaji sauti yako hapa. Nichague kwa kuangalia nini? Kuna kimoja injini nguvu za farasi 6 bomba inchi 6, na kingine injini inakaribiana nayo lakini bomba inchi 8 na bei imepanda.

Fundi_Kabureta (Pennsylvania)

Marahaba kijana wangu. Nimewasoma wote, mmesema vizuri. Nina karakana ya injini ndogo, na kila vuli, yaani msimu huu wa majani kudondoka, vifaa hivi vinaletwa kwangu vimeziba, vimevunjika au vimechomeka, kwa hiyo nitaandika kirefu kidogo.

Angalieni koo, yaani njia yanakopita majani, kabla ya kuangalia injini. Mnunuzi anaingia dukani anauliza nguvu za farasi. Injini kubwa kwenye koo jembamba itaziba vilevile, tena kwa haraka. Chukueni hesabu ya duara ya shuleni. Bomba la inchi 4, ambalo ndilo karibu na ukubwa wa vile vya mkono, lina uwazi wa inchi za mraba 12.6. La inchi 6 lina 28.3. La inchi 8 lina 50.3. Kwa hiyo la inchi 8 ni mara nne ya lile la mkono, na ni karibu mara 1.8 ya la inchi 6, ingawa kwa macho tofauti inaonekana ndogo. Jani la mwaloni ni gumu na lina kikonyo. Linakwama kwenye kona, la pili linaliegemea, la tatu linakuja na kijiti, basi imekwisha.

Na koo si bomba peke yake. Pima kutoka mdomo wa deki, ingia kwenye adapta, fuata bomba, mdomo wa pangaboi, hadi kile kiwiko kinachoingia kwenye kontena. Pale penye wembamba kuliko pote, huo ndio ukubwa halisi wa kifaa chako. Nimeletewa kifaa cha bomba la inchi 8 kilichokuwa kinaziba kila wakati. Adapta yake ilikuwa ya deki nyingine, imekatwa kwa msumeno ikabanwa kwa skrubu, uwazi uliobaki hauzidi kiganja. Bomba lile la inchi 8 lilikuwa halifanyi kazi yoyote ya maana.

Kwa hiyo, Msafwa, kwa mialoni chukua la inchi 8. Lakini kabla hujalipia, waandikie wauzaji jina la mashine yako, namba ya modeli iliyoko chini ya kiti, na upana wa deki. Wakikwambia adapta yao "inaingia kwenye mashine zote", ujue utaikata wewe mwenyewe nyumbani. Wale wenye adapta ya modeli yako hasa, hao ndio wa kununua kwao. Ukishaifunga, pitisha mkono kando yake injini ikiwa inanguruma na trekta imesimama, visu vimezimwa. Ukisikia hewa inavutwa pembeni, hapo panavuja, paziba kwa raba.

Kuhusu visu. Visu vya kusaga ambavyo Chande amevitaja ni vizuri kwa kazi aliyoisema, lakini vinayazungusha majani chini ya deki badala ya kuyarusha nje. Ukifunga kifyonza, weka visu vyenye mabawa marefu vinavyoinua hewa. Kama deki ina bamba la kuzibia mdomo kwa ajili ya kusaga, ling'oe. Na usiishushe deki mpaka igandamane na ardhi, hewa itakosa pa kuingilia na kifyonza hakiwezi kuvuta kitu pasipo na hewa. Iinue, nenda taratibu.

Kusikiliza: pangaboi likiwa linafanya kazi injini inanguruma kwa uzito. Ghafla sauti ikipanda juu na kuwa nyembamba, bomba limeziba. Injini imekosa hewa ya kusukuma, ndiyo maana inakimbia. Wengi wanafurahia hiyo sauti wakidhani mashine imechangamka, wanaendelea kuendesha na kulundika majani chini ya deki. Sauti ikipanda, simama.

Sasa hapa nawaomba kwa dhati. Unapozibua, zima injini ya kifyonza, zima na ya trekta, chomoa waya wa plagi, subiri mpaka pangaboi lisimame kabisa. Pangaboi linaendelea kuzunguka baada ya kuzima. Kisha tumia kijiti, si vidole. Vijana wanaharakisha kwa sababu mteja anaangalia dirishani. Mteja hatakupa kidole kingine.

Mwisho, mtetemo. Vifaa vingi pangaboi limefungwa moja kwa moja kwenye shafti ya injini. Likivunjika kipande au likipinda, linapiga upande mmoja, na huo mtetemo unakula beringi na sili ya injini. Pangaboi jipya ni bei ndogo, injini siyo. Ukihisi kiti kinatetemeka kuliko jana, usimalizie kiwanja.

Kamaa_Minnesota

Mzee umemaliza. Hiyo ya sauti nawasomea vijana wangu kesho asubuhi.

Gitega_Maine

Amahoro kwenu ndugu. Mimi ni Mrundi niko Lewiston, Maine. Niulize kitu ambacho hamjakigusa: majani yenyewe mnayapeleka wapi? Kwa sababu mimi kifyonza nilikinunua kwa ajili ya majani, usafi ulikuja baadaye.

Tuna shamba la pamoja, familia kadhaa, tunalima lenga-lenga (mchicha), maharage, intore (nyanya chungu) na mahindi meupe. Udongo wa huku ulikuwa mgumu na wenye asidi. Nimekuwa nikifyonza majani kwa majirani wazungu bila kuwadai kitu, kwa sharti kwamba majani ni yangu. Yakiwa yamesagwa yanaoza mapema sana kuliko yakiwa mazima. Jani zima la mwaloni unalikuta mwaka unaofuata bado linasomeka. Yakisagwa, nayachanganya na nyasi mbichi zilizokatwa au mbolea ya kuku, kwa sababu majani peke yake yana kaboni nyingi na nitrojeni kidogo. Nageuza rundo, na kiangazi nina mboji nyeusi. Minyoo imerudi shambani.

Tahadhari mbili. Majani ya mti wa walnut mweusi siyatii kwenye nyanya wala intore, mti ule una sumu inayodumaza mimea ya jamii hiyo. Na majani ya kwenye lami siyachukui. Yana mafuta ya magari, vichungi vya sigara na vipande vya plastiki, na kifyonza kinavisaga vyote mpaka huwezi kuvitenga tena.

Msafwa_Lowell

@Gitega_Maine hili limenigusa sana ndugu yangu. Huku Massachusetts ni marufuku kutupa majani pamoja na taka za kawaida tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa hiyo ninayoyakusanya yanaenda kwenye mifuko ya karatasi au napeleka kituo cha mboji na nalipia. Mtu wa shamba aliye karibu na Lowell anayeyataka aniandikie, nitamletea na trela.

Kamaa_Minnesota

Minnesota pia taka za bustani haziruhusiwi kwenye taka za kawaida tangu miaka hiyohiyo ya 1990. Ndiyo maana nasema anayenunua kifyonza afikirie mwisho wa safari. Kifaa kinakusanya kwa dakika chache mzigo ambao utautafutia mahali pa kuumwaga nusu siku. Kwenye bei ya mteja sisi tunaandika kukusanya peke yake na kubeba peke yake. Tulipoanza kutenganisha hivyo, malalamiko yaliisha, maana mwenye msitu nyuma ya nyumba anasema tumwagie hukohuko na hatumtozi usafirishaji.

Mama_Tulia_OH

Nina swali kwa mzee. Siku kavu nikitumia lile bomba la kwenye pipa napigwa shoti ndogondogo nikigusa chuma. Ni hatari? Mume wangu anasema nyaya zimevuja.

Fundi_Kabureta

Hapana mwanangu, hasa kama chako ni cha betri. Huo ni umeme wa msuguano. Majani makavu yanasugua plastiki ya bomba kwa kasi, chaji inajikusanya, ukigusa chuma inatoka. Hewa ya vuli ni kavu ndiyo maana inazidi. Mafundi seremala wana shida hiyohiyo kwenye mabomba ya vumbi la mbao, wanapitisha waya wa shaba usio na ganda ndani ya bomba na kuufunga kwenye chuma kilichogusa ardhi. Kwako hauna ulazima, vaa tu glovu. Ila kwa mwenye injini ya petroli: usijaze mafuta mara tu baada ya kushika bomba. Gusa kwanza fremu ya chuma, weka dumu chini ardhini, ndipo ujaze. Na injini iwe imepoa.

Chande_NJ

Naomba niongeze la afya kwa sababu sijaliona. Kupe. Ugonjwa wa Lyme umepewa jina la mji wa Lyme uliopo Connecticut, na ukanda huu wote wa kaskazini-mashariki kupe wale wadogo wenye miguu myeusi wanajificha kwenye majani yaliyoanguka, na vuli wakubwa wao bado wanatafuta damu. Ukifyonza unatembea katikati ya makazi yao. Suruali ingiza ndani ya soksi, ukirudi nyumbani oga na ujikague nyuma ya magoti, kwapani na kwenye nywele. Mfuko au turubai la kontena usiliegemeze mwilini.

Pia vumbi la majani ya zamani lina ukungu mwingi. Barakoa ya N95 bei yake ndogo. Nina jamaa mwenye pumu alikuwa akimalizia kila Jumamosi kwa kukohoa mpaka alipoanza kuivaa. Na masikio: hizi mashine zina kelele, vaeni vizibo.

Arusha_Bustani

Wakuu habari za huko. Mimi nasimamia bustani ya hoteli hapa Arusha. Tuna mijakaranda na migrevilea, na grevilea inadondosha mwaka mzima. Kuna ndugu yangu anakuja kutoka Marekani Desemba, nilitaka anibebee hicho cha umeme chenye bomba la pipa. Kitafaa?

Fundi_Kabureta

Cha umeme wa waya asikubebee. Umeme wa Marekani ni volti 120, wa kwetu ni 230. Ukikichomeka moja kwa moja kinaungua papo hapo, na transfoma ya kuhimili mota ya kifyonza ni nzito na ghali, bei yake inaweza kukaribia ya kifaa. Cha betri kingewezekana, ila chaja nayo soma maandishi yake mgongoni. Ikiandikwa 100–240 ni salama. Ikiandikwa 120 peke yake, ni yaleyale. Na betri kubwa za lithiamu mashirika ya ndege yana masharti makali, aulize kabla hajafunga sanduku.

Tafuta cha volti 230 kinachouzwa huko au kinachotoka Uingereza au Dubai. Chagua chenye pangaboi la chuma, kwa sababu ukiwa na kokoto za njia ya hoteli la plastiki halitadumu.

Mama_Tulia_OH

Na maua ya jakaranda usiyafyonze yakiwa yamelowa kaka. Najua sijaishi Arusha, lakini petali laini za miti ya huku zikilowa zinageuka uji ndani ya bomba. Subiri jua.

Arusha_Bustani

Asanteni sana, mmenitoa gizani. Majani ya grevilea yanakauka vizuri juani, nitaanza na hayo. Maua tutaendelea na fagio la chelewa.

Msafwa_Lowell

Nimepima jioni hii kama mzee alivyoelekeza. Mdomo wa deki yangu ni mpana wa kutosha. Kile kifaa cha bei ndogo, adapta yake ni ya kukata mwenyewe. Cha inchi 8 muuzaji amenitumia namba ya adapta ya modeli yangu hasa, na amethibitisha kwa maandishi. Nakichukua hicho. Visu vyenye mabawa nitavinunua pamoja.

Mzee, la mwisho: Desemba nikimaliza nakihifadhi vipi? Kitakaa nje chini ya turubai, banda langu limejaa mashine ya theluji.

Fundi_Kabureta

Kontena limwage lote, lifagie, likauke kabla hujalikunja. Majani yaliyosagwa yakibaki na unyevu ndani yatachacha, yatakula vyuma na turubai litaota ukungu. Bomba lilaze limenyooka, ukilikunja kwa baridi linapasuka kwenye mkunjo. Panya wanapenda sana kulala ndani ya kasha la pangaboi, ziba mdomo kwa wavu wa chuma.

Petroli ya huku ina ethanoli hadi asilimia 10, ikikaa miezi inavuta maji na kuacha utando kwenye kabureta. Mwaga tangi, washa injini mpaka izime yenyewe. Badilisha oili ingali moto. Chomoa plagi, tia matone machache ya oili ndani ya silinda, vuta kamba polepole mara mbili tatu, rudisha plagi. Ukifanya hayo, Oktoba ijayo itawaka bila kuja kwangu.

Kamaa_Minnesota

Na kwa ambao bado wanajikusanya: vilivyotumika tafuteni Aprili na Mei. Mtu anasafisha banda na hataki kukiona tena. Nenda na tochi, angalia ndani ya pangaboi kabla ya kuangalia rangi, na mwambie akiwashe ukiwepo.